Kadi Zilizobeba Sauti ya Kaka Ezekia

Turku, Jumapili ya pili ya Juni, mwaka wa arobaini na moja tangu nipande basi pale Makambako.

Mdogo wangu Tabitha,

Kamwene. Nakuamkia wewe na wote wa Kichiwa. Baridi ya mwezi huu imewatendaje, na goti lako bado linakusumbua unapoteremka bondeni? Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Huku ni kiangazi, jua halina haraka ya kuzama, lakini sikukaa mezani kuandika habari za jua. Picha ya video nimeiona yote, Tabitha. Saa mbili na dakika kumi na moja, na sauti ya Kaka Ezekia haikukatika hata neno moja. Nimeitazama mara tatu tangu jana. 

Ya huko unayajua. Acha nikusimulie ya huku, maana hukuyaona.

Mwanao Lusungu aliponipigia simu kwamba Kaka ataondolewa kikoromeo kule hospitali ya Ikonda na hatasema tena, nilimuuliza jambo moja tu: ile picha ya mwaka jana ipo? Akasema iliharibika. Kisha akaniambia kwamba kadi ya kamera aliyoinunua stendi iliandikwa ukubwa mmoja kwa nje na ndani ilikuwa na mwingine. Kamera ikaendelea kuhesabu dakika kana kwamba mambo ni shwari, kumbe ilikuwa ikiandika juu ya maandishi yake yenyewe. Kaka alikuwa ameanza kusimulia jinsi baba alivyofika Kichiwa na kila kaburi ni la nani, mambo ambayo sasa hakuna mwingine anayeyajua. Kabla ya upasuaji Lusungu angepata siku moja tu ya kumrekodi, isiyo na marudio.

Nikamwambia asinunue kitu. Kadi zitatoka kwangu.

Dukani hapa yuko mama mmoja, Aino, anayezijua kamera kama wewe unavyowajua kuku wako. Aliniuliza kama naenda kupiga picha za simba. Nikamjibu hapana, ni mzee ameketi kwenye kiti. Akacheka, akasema basi kadi yoyote itafaa, mzee hakimbii.

"Huyu atasema mara moja tu," nikamwambia.

Akaacha kucheka. Akatoa kadi za bei rahisi mezani, akazirudisha kwenye droo. Ndipo nilipojifunza kwamba ile namba kubwa ya kasi iliyochapwa usoni mwa kadi ni ya mbio fupi. Kamera ya sinema kama ya Lusungu inamwaga picha nyingi bila kupumzika, kwa hiyo kinachotakiwa ni kasi ambayo kadi haishuki chini yake hata ikikaribia kujaa. Akanionyesha orodha ya waliotengeneza kamera, ya kadi walizozijaribu wenyewe, akaniambia nisitoke nje ya orodha hiyo. Nikanunua mbili zinazofanana, kwa kuwa kamera ina matundu mawili na inaweza kuandika kote kwa wakati mmoja.

Ya tatu niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, kwa ubishi tu wa uzee. Nilikaa siku mbili jikoni nikizijaza zote hadi pomoni na kuzisoma tena, nikilinganisha kilichoingia na kilichotoka. Zile mbili zilirudisha kila kitu. Ile ya mtandaoni, ilipofika robo, ikaanza kusema uongo. Niliikata kwa mkasi. Zile nzima nikampa muuguzi mmoja aliyekuwa anakuja Njombe, pamoja na karatasi ya masharti: fomati, yaani kufuta kadi iwe tupu, ndani ya kamera, si kwenye kompyuta, usichomoe taa ikiwa nyekundu, mkimaliza, kadi mbili zisilale nyumba moja.

Nilidhani nimeandika yote. Sikuandika kwamba ziwekewe alama.

Baada ya Kaka kurekodiwa, Lusungu aliponipigia kutoka Mahongole alikokuwa akipiga picha za harusi, nyuma yake kulikuwa na vigelegele na yeye analia. Alikuwa amechomeka kadi aliyoidhani tupu, kamera ikauliza kama ifomati, akakubali. "Mjomba, nimemfuta Mjomba Ezekia," akasema. Wala sikumgombeza. Nilimwambia akupigie wewe, maana yako ipo. Akasema amekwisha kupiga, na shida ilikuwa hapo hapo. "Mama ameiweka darini."

Nilipokupata kwenye simu ukaniambia kwa utulivu kabisa, "Kaka, uliandika iwekwe pakavu, mahali mdudu hafiki. Ningeiweka wapi tena?" Kwa hiyo kadi ya sinema ilikaa siku tisa ndani ya kibuyu cha mbegu za mahindi, juu ya moshi wa jiko, jinsi mama alivyotunza mbegu na mama yake kabla yake. Nilicheka huku nimeshika kichwa. Na uliposema imekuwa nyeusi kama sufuria, kicheko kikaisha.

Ulifanya vizuri kutoigusa kwa maji. Lusungu ameniambia jinsi alivyosugua vile vidole vya shaba vya kadi polepole kwa kifutio cha penseli, na wewe umesimama nyuma yake unamwambia asiharakishe. Kisha kompyuta ikaifungua, akanitumia picha. Joto, moshi, masizi, na ndani yake kila kitu kizima! Nimemwandikia Aino habari hizi. Amejibu kwamba hakuna kiwanda kilichowahi kuijaribu kadi kwa njia yako.

Msalimie mumeo, baba yake Lusungu, na mjane wa marehemu mdogo wetu. Mwambie Lusungu harusi zake azipige kwa ile kadi aliyoifuta, aibandike utepe mwekundu kama alama, na hii ya kibuyuni asiitie tena kwenye kamera.

Sasa lile uliloniuliza kwenye ujumbe, kama nimefika mwisho wa picha. Nimefika. Kaka anageuka, ananitazama moja kwa moja, anasema: "Elia, upande wa kulia wa kaburi la mama nimeacha nafasi yako. Vijana wanataka kuvuta shamba mpaka pale. Nimewazuia miaka yote. Niambie kama niendelee kuwazuia." Kisha anangoja karibu dakika nzima, kana kwamba ningeweza kujibu.

Alhamisi utakapokwenda Ikonda kumwona, msomee jibu langu, polepole, ukimshika mkono. Moyo wangu hauruhusiwi tena kupanda ndege, na wanangu wamekwisha kunichagulia mahali hapa, karibu na kaburi la mama yao. Awaachie vijana walime. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Elia