Doa kwenye Uso wa Mama

Makongolosi, Chunya
Jumapili jioni

Dada yangu Vumilia,

Kamwene, dada, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na baridi ya Igowole haijakufukuza. Shemeji Maduhu je, ameizoea? Mtu aliyekulia na ng'ombe kwenye joto la Usangu, nikimfikiria amejifunga blanketi asubuhi anasubiri ukungu uondoke, huwa nacheka peke yangu. Mimi mwili ni mzima. Huku ni joto na vumbi tu, na kazi ya studio ipo: harusi, vipaimara, kwaya, misiba.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Simu nimeijaribu mara tatu wiki hii, na mara zote ulipokea kwa furaha, nikaishia kuuliza habari za mahindi. Tafadhali kaa chini, uisome peke yako kwanza.

Ni kuhusu video ya mama.

Miezi mitano unaniuliza, na miezi mitano nakujibu kwamba bado naisafisha, ina doa. Doa ni kweli lipo. Ndani ya kamera kuna sensa, kile kioo kinachopokea picha, na kimejaa nukta ndogo ndogo zisizohesabika. Joto la huku likizichosha, moja huanza kuwaka yenyewe. Nje kwenye jua huioni. Ukiingia penye giza ndipo inajitokeza, nyeupe au nyekundu, imeganda palepale hata ugeuze kamera upande gani. Dawa yake si ngumu: unafunika lenzi, unabonyeza kitufe cha bleki balansi, kamera inaangalia giza tupu, inaikamata ile nukta na kuifunika. Na kama umesharekodi, kulitoa doa kwenye kompyuta ni kazi ya nusu siku. Nusu siku, dada, si miezi mitano. Nimekuwa nakudanganya.

Nianzie mbali kidogo, maana nataka ujue nilivyofika hapo. Kabla mama hajaugua, nilirekodi harusi ya binti wa mnunuzi mmoja wa dhahabu hapa. Ukumbi ulikuwa na giza, nami sikuikagua kamera. Bibi harusi akatoka na nukta nyekundu shavuni kila nilipomvuta karibu, tangu anaingia mpaka keki inakatwa. Shangazi yake alikuja studio akasimama mlangoni: "Nyie mmemwotesha mtoto wetu kipele siku ya harusi yake!" Watu walicheka. Bosi hakucheka. Alinisema mbele ya wateja mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo niliapa sitarekodi uso wa mtu wenye doa. Nikawa mtu wa bleki balansi kama mlevi na chupa yake.

Sasa ile safari niliyokuja nyumbani na kamera ya studio, kwa ajili ya harusi moja ya Mafinga, nilipitia kumwona mama. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni na jikoni hamwonekani. Mama alikuwa amekaa karibu na moto. Hata chai sijamaliza, akaniambia, "Festo, washa hiyo mashine yako. Nina neno na Vumilia."

Dada, niliweka kikombe chini. Miaka tisa jina lako halikutajwa jikoni mle. Nami nilikuwepo siku ile ulipoondoka kwenda Igawa kwa Maduhu bila ridhaa ya mama, nilimsikia kwa masikio yangu akikuambia hata akifa, mguu wako usikanyage kaburi lake. Najua umelala na neno hilo miaka yote tisa.

Nikaiweka kamera kwenye stendi, nikaipandisha nguvu ili ione gizani, nikawasha. Akaanza. "Vumilia mwanangu. Lile neno nililokuambia siku ile unaondoka..." Hapo ndipo nikaiona. Nukta nyeupe, katikati ya shavu lake la kushoto.

Nikamkatisha.

Nilisema moyoni, dada yangu hajamwona mama miaka tisa, hawezi kumwona na kipele. Nikafunga lenzi, nikabonyeza. Kamera ikagoma, ikaandika imeshindikana. Nikarudia, ikagoma. Nikagundua kifuniko cha lenzi kimekaa vibaya, mwanga wa moto unapenya. Mara ya tatu ikakubali. Naikumbuka furaha niliyoipata, ambayo baadaye niliionea aibu. Nikafungua lenzi, uso wa mama safi kabisa, nikamwambia, "Haya mama, endelea." Na palepale hodi mlangoni. Wazee wa kanisa wamekuja kumwombea.

Mama akajiweka sawa. Akaninong'oneza, "Mambo ya mwanangu siyasemi mbele za watu. Kesho asubuhi."

Asubuhi mdomo ulikuwa umepinda, ulimi hauinuki. Siku ya tatu, pale hospitali, akaondoka. Mengine unayajua.

Unakumbuka nilipokupigia? Ulilia ukasema, "Mimi siji, Festo. Mama alishasema." Nami nikakujibu, "Njoo. Mama amelitengua lile neno, ninalo kwenye kamera." Lilinitoka tu. Nisingeweza kuvumilia mama azikwe wewe ukiwa Igawa, umekaa kando ya barabara unauza vitunguu. Ukaja. Ukatupa udongo wako. Wazee wa ukoo wakasikia kuna video, wakaridhika, wakakuachia nyumba ya mama hapo Igowole. Na sasa mama mdogo Tumaini ameshatangaza kwamba siku ya kujengea kaburi tutaiangalia wote.

Hakuna cha kuangalia, dada. Mama hakumaliza. Alitaka kulitengua lile neno au kulirudia, mimi sijui. Nimeisikiliza sauti yake mara nisizoweza kuzihesabu, nikitafuta upole ndani yake. Kuna siku naupata, kuna siku siupati. Nikikuambia alikusamehe, nitakuwa nakudanganya mara ya pili. Angebaki na kipele, ungejua. Mwenye kosa ni mimi, na nitakuja mwenyewe kuwaambia wazee hivyo, ili mtu asikuguse wala asikutoe kwenye nyumba ile. Ukitaka kunifukuza siku hiyo, nifukuze. Nakuomba msamaha, na sioni kwa nini unipe.

Nisalimie shemeji, mwambie ng'ombe wa Igowole nao ni ng'ombe. Wasalimie wapwa zangu wawili, Neema na Shija, nawadai kibusu kila mmoja. Msalimie mama mdogo Tumaini, ila haya mengine niachie nimweleze mimi. Na yule jirani, mama Faraja, aliyemwogesha mama siku za mwisho, mpe mkono kwa niaba yangu.

Ndani ya bahasha kuna flashi, ichomeke kwenye televisheni. Ni kipande kifupi, na doa sijalitoa. Utamwona mama, utamsikia anakuita mwanangu. Halafu utasikia sauti yangu: "Subiri kidogo mama, kuna doa usoni." Hakujua kwamba nasema doa la kamera. Utamwona anainua ncha ya kitenge, anajifuta shavu la kulia, halafu la kushoto, taratibu, kama alivyokuwa akitufuta sisi kabla ya kwenda kanisani. Kisha anaangalia kwenye kamera na kuuliza, "Sasa Vumilia ataniona vizuri?"

Na mimi namjibu, "Bado, mama." Hapo ndipo inakatika.

Mdogo wako,
Festo