Filimbi ya Saa Kumi

3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Magoti ya Bibi yanaendeleaje? Mimi mzima, ila mvua ikipiga bati hapa chuoni kitabu hakisomeki. Nawaza nyumba ya Bibi, ilivyo ukingoni mwa mto.

Nimekutumia ndoo ya dharura: tochi, nakala za vyeti, biskuti, filimbi. Mto ukipanda, simama mlangoni pa duka lako la kushonea, huko ghorofani, upulize mara tatu. Mtaa mzima upande kwako. Ninayemhofia ni Bibi na ubishi wake.

Binti yako

19 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima, cherehani tu ndiyo inakohoa. Biskuti tulizionja kuhakikisha hazijaharibika. Tulihakikisha zote.

Filimbi ni nzuri mno. Kila saa kumi napuliza mara tatu, majirani wanapanda na vikombe vyao, tunakunywa chai. Hata Bibi yako anapanda ngazi zote kumi na nne, kila moja na lalamiko lake. Ila kuhusu kuhama mto ukifurika, anasema, "Nimezaa sita humu. Maji yatanikuta nimekaa."

Baba

24 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole kwa cherehani. Biskuti nimesamehe. Filimbi, hapana. Siku ya hatari watadhani ni chai, na Bibi atazama. Tafadhali ifungie kabatini.

Binti yako

16 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Tu hai sote, nianze na hilo.

Filimbi niliifungia, majirani wakaninunia. Juzi asubuhi mto ukapanda ghafla. Nikaitoa, nikapuliza mara tatu. Wakaja mbio, vikombe mkononi. Fundi viatu akasema, "Afadhali akili zimekurudia."

Mtaa wa pili walitangaziwa hatari kwa kipaza sauti. Wakaanza kubeba vitanda na makabati, maji yakawakuta, ikabidi wavutwe kwa kamba. Anayeitiwa chai habebi kabati.

Bibi yako alitangulia wote. "Wiki mbili mnaninyima chai?" Kisha akachungulia dirishani, akaona maji yamefika kwenye kitasa cha mlango wake. Akaketi, akaninyooshea kikombe.

"Sukari umeweka?" akauliza.

Sasa analala kwangu. Analalamikia mto.

Baba

22 Aprili

Baba,

Shikamoo, na umshikie Bibi miguu kwa niaba yangu. Barua yako imenitoa machozi darasani. Mwalimu akauliza kama nimefiwa. Nikamsomea, akaomba nakala.

Ndoo nyingine inakuja. Nimeongeza majani ya chai na sukari. Biskuti ni pakiti mbili, moja ya kuhakikisha.

Filimbi isirudi kabatini. Saa kumi, Baba, kila siku.

Binti yako