Kiwiko Changu na Shamba la Mama

Morogoro, Jumatano, mwanzo wa Machi. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu nishuke mlimani, baada ya udongo kuporomoka na kuizoa nyumba yetu ya Matombo. Leo mawingu yameufunika Uluguru mpaka kiunoni.

Naishi Kihonda, na kila asubuhi nauona mlima. Si umbali wa kumliza mtu mzima.

Unaniliza.

Kiwiko cha kulia kilianza kuuma nilipofyeka majani ya uani kutwa nzima. Daktari alikiita kiwiko cha mcheza tenisi. Hakihitaji kupasuliwa, alisema, kinahitaji mazoezi na subira. Nilipomweleza dada yangu Zena kwenye simu, alicheka mpaka akakohoa. "Kaka, hiyo tenisi uliichezea wapi? Migombani?"

Nimefuata maelekezo. Nalaza mkono mezani, kiganja kikitazama chini nje ya ukingo, nimeshika chupa ndogo ya maji. Mkono wa kushoto unasaidia kuinua. Kushuka, wa kulia unashuka peke yake, taratibu. Kazi yote iko kwenye kushuka. Maumivu madogo navumilia. Yakikaa mpaka asubuhi, napunguza maji.

Nilikuwa na sababu ya kujibidiisha. Zena amenitunzia kipande cha shamba la mama kule Matombo miaka yote hii, na wazee wa ukoo wametamka: nirudi nilime mwenyewe masika haya, la sivyo apewe mwingine.

Leo kliniki, binti anayenifanyisha mazoezi aliukandamiza mkono wangu, nami nikamkazia. Akafurahi. "Babu, unaendelea vizuri. Kikombe, ufagio, ruksa. Jembe, mwaka huu usiliguse."

Nikampigia Zena. Nikamwambia mwanangu Idi yuko tayari kulima kwa niaba yangu.

"Kaka, mji umekusahaulisha? Idi ana ukoo wa mama yake."

Sikuwa nimesahau. Nilitumaini yeye amesahau. Kwetu ardhi hufuata tumbo la mama. Nimelea watoto watano, na hakuna hata mmoja awezaye kunishikia jembe pale.

"Shamba la mama halilali," akasema. "Nampa Asha."

Asha ni binti yake. Ni haki yake. Nikasema ampe, nikawahi kukata simu.

Kiwiko kitapona. Wakati huo mahindi ya Asha yatakuwa yamekwisha kuvunwa.

Sitarudi Matombo.