Pasi ya Getini

Carcassonne, Ufaransa
Mwezi wa saba

Kwa mdogo wangu Kiden, Abuku,

Salaam nyingi kutoka kwa dada yako Zam. Mguu wako unaendeleaje? Unameza dawa, au bado unaupaka mafuta ya taa kama mjinga? Mbuzi wangu wako? Mimi niko mzima, magoti tu yanalia, maana mji huu ni mawe na ngazi, ngazi na mawe. Nakuandikia Kiswahili chetu cha kambi ya askari kwa sababu Kikakwa hatujui kukiandika, na simu ni ya mwanangu Lomoro. Vaa miwani, usimpe jirani akusomee. Barua hii iko na mambo.

Mji wenyewe umezungushiwa kuta mbili, moja ndani ya nyingine, za zamani sana, na minara yenye kofia. Wiki ya kwanza Lomoro alinitembeza kote, binti yake mdogo Shamira mabegani mwake. Tuliingia ngome ya bwana wa mji, tukapanda juu ya ukuta, tukapita katikati ya zile kuta, mahali adui alikuwa akinaswa na kupigwa huku na huku. Nilimwambia Lomoro kwamba marehemu baba yake, sajini mzima, angepapenda hapo. Hata kanisani niliingia, mimi mke wa Mwislamu, nikaangalia vioo vya rangi mpaka shingo ikauma. Ni vizuri, sitasema uongo.

Getini iko mwanamke wa jiwe, uso mkubwa kama sufuria ya harusi. Lomoro akanieleza kwamba alikuwa mjane wa mfalme Mwislamu. Adui waliuzingira mji mpaka chakula kikaisha, wakabaki na nguruwe mmoja na ngano kidogo. Mama huyo akamlisha nguruwe ngano yote, akamrusha nje kutoka mnarani. Akapasuka, adui wakaona ngano tumboni, wakasema kumbe hawa bado wanashiba, wakarudi kwao. Nikamuuliza ni Mwislamu gani huyo wa kufuga nguruwe. Akanijibu ni hadithi tu, Mama. Shule yote ile niliyomsomesha, na jibu ni hilo.

Baada ya hapo akarudi kazini, kuosha vyombo katika hoteli humu humu ndani ya ukuta. Prossy, mke wake, ameondoka, naye hasemi kwenda wapi. Basi ni mimi na mtoto, mtoto na mimi. Nikisema nishuke sokoni, kule ng'ambo ya mto, ananiambia ningoje, karatasi yangu haijatoka. Sasa wewe unaijua kambi. Mke wa askari alikuwa anatoka getini bila pasi ya ruhusa? Nikangoja. Kila siku napanda ukutani, naliona soko kwa macho tu. Wageni wanaingia na kutoka kama siafu, nami nasema hao wana pasi zao.

Mpaka juzi. Getini alisimama mwanaume aliyevaa chuma mwili mzima, upanga kiunoni. Nikasema huyu sasa ndiye mkubwa wa geti. Nikasimama mguu sawa, mtoto mgongoni, nikanyoosha mkono kuomba pasi. Akainama kwa heshima, akanipa karatasi yenye picha ya farasi. Nikavuka daraja, nikashuka sokoni, nikanunua bamia, nikarudi na kumpigia saluti.

Lomoro alipotoka kazini nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema lile ni tangazo la michezo ya farasi, na yule mutu anatafuta watazamaji. Geti halina mlinzi, halina pasi, halifungwi. Nikacheka na mimi. Halafu nikamuuliza, basi hiyo karatasi tunayoingoja ni ya nini?

Kiden, kicheko kikamkauka. Akaangalia viatu. Akasema ni ya kukaa. Kukaa mpaka lini? Kukaa tu. Ndege yangu ya kurudi ilishapita bila mimi kuambiwa, na nyumba yangu ya Awindiri ameipangisha, viti vyangu vikiwa ndani. Ati kule nitakaa na nani! Nikamwambia baba yake alininyima pasi usoni, hakunidanganya. Nikaidai pasipoti yangu, akasema kesho. Mpaka leo ni kesho. Akalia pia, kwamba nikiondoka kazi itamshinda na mtoto atakosa mlezi. Namhurumia. Shamira hana kosa. Lakini mimi si kitasa cha mlango wake.

Kwa hiyo geti liko wazi na mimi nimefungwa. Wewe ni mama yake mdogo, tangu utoto anaogopa mdomo wako. Mpigie. Msalimie kwanza, halafu ndiyo umtukane. Mwambie anipe pasipoti yangu, na kama mlezi hapatikani, aniachie Shamira nije naye Abuku, nyumbani hatakosa mikono ya kumlea. Nenda Awindiri uwaambie wale wapangaji, kwa heshima, kwamba mwenye nyumba iko hai. Na upande wangu wa shamba upande karanga. Usisogeze mpaka, nakujua.

Chakula Lomoro ananipa kizuri, maharage na nyama ya bata, nimenenepa. Kila nikishiba namkumbuka yule nguruwe. Lakini hata yeye alitoka, na alitoka kwa hewa. Mimi pia nitatoka kwa hewa, tena nikiwa hai.

Nisalimie Loku na wote wanaoniulizia. Wasioniulizia, waache hivyo hivyo. Barua hii naipeleka posta kwa miguu yangu mwenyewe, bila pasi.

Ni mimi dada yako,
Zam, mjane wa Sajini Soro