Bastola ya Baba Haikutoka Dukani

Jumapili, masika ya 1994. Ifakara.

Mvua haijakatika tangu alfajiri, na mto Lumemo umeingia kwenye mashamba ya mpunga. Nimerudi kanisani, nimevua viatu vyenye tope, naandika kabla ujasiri haujaniishia.

Tulimzika Baba miezi miwili iliyopita. Siku ile kaka yangu Deo aliwasimulia waombolezaji hadithi tuliyokua nayo: wakati wa vita vya Mjerumani, Baba akiwa mtoto, mlowezi mmoja wa kizungu mwenye shamba alimpenda kwa uaminifu wake, na alipoondoka akamwachia bastola yake iwe zawadi. Tuliiona mara chache sana, imeviringishwa kwenye kaniki ndani ya sanduku la nguo.

Deo anataka tuikabidhi polisi na kuomba ipelekwe makumbusho, pamoja na maelezo ya zawadi hiyo. Jumatatu aliniomba nitafute mtu wa kuikagua kwanza.

Nilikwenda Mlabani kwa Mzee Athumani. Zamani alikuwa fundi wa silaha jeshini, siku hizi anatengeneza cherehani. Nilimwamkia, nikafungua kaniki mezani kwake. Alichomoa magazini ya risasi taratibu. Risasi zote zilikuwemo, zimeota kutu.

Nilimweleza habari za yule mlowezi. Aliifuta kwa mafuta, kisha akaanza kunielewesha. Bastola za aina hii zilikuwa na wateja wawili. Zile za dukani, walizonunua walowezi na wafanyabiashara, zilisuguliwa zikang'aa, na namba za vipande vidogo zilifichwa upande wa ndani zisiharibu sura. Za jeshi zilikuwa na namba nje, kwenye kila kipande, ili fundi asichanganye vya silaha moja na nyingine. Zina taji dogo la mkaguzi, na nyingine zimegongwa namba ya kikosi mbele ya mpini.

Aliniambia nipitishe kidole hapo. Namba zilikuwepo.

"Hii ni ya jeshi, Mwalimu," alisema. "Askari hakuwa na ruhusa ya kuigawa."

Njiani nilikumbuka wiki ya mwisho ya Baba. Kila tulipomsogezea kikombe cha maji aligeuza uso, akasema, mpeni yeye kwanza. Chumbani hapakuwa na mgonjwa mwingine. Tulisema ni homa.

Nyumbani nilimuuliza Shangazi Apolonia, mdogo wake Baba, ninayeishi naye. Alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akanisimulia.

Walikuwa wamekwenda kukata matete, yeye na Baba, wakamkuta askari kijana wa kizungu amelala ukingoni mwa mto, mguu umeoza, wenzake wamemwacha. Alijua neno moja tu la kwetu: maji. Baba akamwonyesha kwa mikono kwamba atamletea. Kisha akainama, akaichomoa bastola kiunoni mwa askari, wakakimbia. Shangazi alitaka warudi na kibuyu. Baba aliogopa. Kesho yake mto ulikuwa umefunika matete yote.

"Mikono ya askari yule ilikuwa mizima," Shangazi alisema. "Angeweza kutupiga risasi. Alitutazama tu."

Sasa yule askari namwona mimi. Nikishika kikombe, namwona.

Sina hasira na Baba. Alikuwa mtoto mwenye woga. Kinachonitesa ni lile neno zawadi, alivyolibeba maisha yake yote mpaka sisi tukalipeleka kaburini kwake.

Ijumaa nilimwambia Deo. Alikasirika. Alisema nimemvua Baba nguo, akaondoka bila kunywa chai. Nilidhani hatanisemesha hadi Pasaka.

Leo baada ya misa nilikwenda kwa katekista kuandikisha nia ya kuombea marehemu. Nikataja jina la Baba. Nikasema wako wawili. Akauliza jina la wa pili. Kalamu ilikuwa inasubiri.

Sauti ya Deo ikatoka nyuma yangu. Sikujua kama yupo.

"Andika askari," alisema. "Aliyefia mtoni."

Katekista aliandika. Tulirudi nyumbani pamoja kwenye mvua.

Je, mama yake yule askari alikuwa anamwitaje?