Nilimvuta Mama Mkwe Kitandani Nikiwa Usingizini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, ingawa hata mimi ningesikia habari hii kwa mtu mwingine ningecheka. Mimi ni mwanamume mzima, kazi yangu kuoka mikate, nina mke mjamzito anayekaribia kujifungua na ninampenda sana, lakini hapa ninapokuandikia nimekaa juu ya gunia la unga stoo ya kazini kwa sababu sina uso wa kurudi nyumbani.

Shida yangu ni usingizi. Nikishalala kidogo tu nakurupuka, macho yamenitoka, napiga kelele kama mtu anayechinjwa, jasho linanitiririka, mke wangu akiniita siitiki na akinishika ndiyo kwanza namsukuma, kisha narudi kulala kama gogo, na asubuhi sikumbuki chochote, najiona nimelala salama salimini mpaka nimwone mwenzangu macho mekundu. Nilikuwa hivi utotoni, na marehemu baba alikuwa hivi hivi, ila kwetu halikuwa jambo la kuzungumzwa, likitokea tunaamka tunakunywa chai kimya kila mtu anaangalia kikombe chake. Ukubwani likaniacha, nikajua limekwisha, mpaka mwaka huu nilipoanza kuunganisha zamu, leo usiku, kesho mchana, mara nyingine zote mbili, nikitaka mtoto azaliwe akute nyumba ina kitu. Tunaishi ukuta kwa ukuta na watu, na majirani wameamua kwamba nampiga mke wangu. Fundi cherehani wa mlango wa pili hanisalimii tena, anamsalimia mke wangu peke yake, tena kwa sauti ya pole.

Basi mama mkwe akaja kumwangalia binti yake. Tukampa nafasi yangu kitandani, mimi nikahamia sebuleni kwenye godoro. Asubuhi moja naamka, namkuta mama amekaa mezani, mkono umefungwa kitambaa, nami kwa furaha zangu nikamwambia, "Shikamoo mama, umelalaje? Mkono umefanya nini tena?" Akanijibu taratibu, "Marahaba mwanangu. Nimeanguka tu." Mke wangu akainamisha uso. Aliniambia baadaye jikoni, kwa kunong'ona, kwamba niliingia chumbani na bukta tu, nikapiga kelele, "Tokeni, paa linashuka!" nikamkamata mama yake mkono nikamburuta kitandani mpaka akaanguka sakafuni. Nilipokosa nguvu nikarudi godoroni kwangu nikajilaza, na mama ndiye aliyenifuata akavuta shuka akanifunika, akamwambia binti yake, "Mwache. Huyu hayupo hapa."

Mshauri, niliomba ardhi ipasuke. Mkwe wangu! Mtu ambaye mbele yake hata kukohoa najizuia! Sikuweza kurudi kule mezani, nikatokea mlango wa nyuma. Jioni shemeji, kaka yake mke wangu, akaja kumchukua mama yake, kisha akanipigia simu.

"Shemeji, ulimvuta mama kitandani?"

"Nilimvuta, lakini nilikuwa usingizini."

"Ulikuwa umelewa?"

"Sinywi pombe, unanijua."

"Afadhali ungekuwa umelewa, ningejua la kuwaambia watu."

Tangu hapo nalala huku stoo, au tuseme silali, nakunywa kahawa kikombe juu ya kikombe kwa sababu naogopa kufumba macho. Hata hivyo usingizi ulinipitia, msimamizi akanikuta nakumbatia magunia nikipiga mayowe, na sasa kiwanda kizima kinaniita King'ora. Hilo nalivumilia. Ninaloogopa ni mtoto. Nikimbeba usingizini nikamwangusha je? Mke wangu ananipigia simu kila siku ananiambia nirudi, mimi namdanganya kwamba kazi zimezidi. Je, nimuache arudi kwao akapate mume mwenye akili timamu?

Mimi, King'ora.

JIBU

King'ora, pole. Pole kwa aibu, pole na kwa jina. Nimekuhurumia, sasa nisikilize.

Huna wazimu. Unalonieleza ni hofu kali ya usingizini. Mwili unaamka na akili inabaki imelala, ndiyo maana macho yako wazi na husikii unapoitwa, ndiyo maana asubuhi hukumbuki. Mara nyingi hutembea katika ukoo, na huchochewa na uchovu, mawazo, na kulala ovyo ovyo bila saa maalumu. Hebu jitazame: umekesha kwa zamu, na dawa uliyojiandikia mwenyewe ni kukesha zaidi, kwa kahawa! Unamwaga mafuta ya taa kwenye moto, baba, halafu unashangaa unawaka.

Lakini hilo nakusamehe, hukujua. Nisilokusamehe ni kumwacha mjamzito peke yake usiku, umemwondolea mama yake na umemwondolea mume, eti kwa kumlinda. Akishikwa na uchungu amwite nani, fundi cherehani? Uliyoyafanya usingizini si kosa lako. Haya unayoyafanya ukiwa macho ni yako.

Rudi nyumbani leo. Godoro lako liwe sakafuni sebuleni, ondoa vioo na kila chenye ncha, mlango wa nje ufungwe na funguo zikae kwa mkeo, na chumba chake akifunge kwa komeo ndani. Mtoto akizaliwa atalala huko na mama yake, kwenye kitanda chake mwenyewe, mpaka daktari aseme vinginevyo. Mweleze mkeo asikutikise wala asikushike kwa nguvu, akuongeleshe polepole akiwa mbali kidogo, asubiri hofu ipite. Mwambie msimamizi wako unataka zamu moja isiyobadilika, naye ameshaona kwa macho yake, hutahitaji kumshawishi. Na nenda kwa daktari wiki hii, kwa kuwa mtu mzima anayejeruhi wengine usingizini anapaswa kuchunguzwa. Mwambie kila kitu, na kama unakoroma mwambie pia.

Kwa mkweo nenda mwenyewe, usimtume mtu. Mwombe radhi, mweleze ugonjwa wako kwa jina lake, shemeji naye akiwepo asikie. Mwanamke aliyeburutwa akaamka akakufunika shuka hajakukataa, wewe ndiye uliyemkimbia. Mwombe arudi akae na binti yake. Jirani naye mgongee mlango umwambie ukweli. Kimya mlichokinywa na chai kwenu kimewafikisha wapi?

Ila hayo ya msimamizi, daktari, mkweo na jirani ni ya kesho. Leo mwaga hiyo kahawa, toka stoo, mwambie mkeo umerudi, halafu ulale.