Rumande ya Sharpstown

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Barua pepe ya wakili imeingia nikiwa kazini, namgeuza mgonjwa kitandani. Mahakama ya rufaa imeamua! Mwaka mzima mwenye nyumba hapa Sharpstown anataka tuhame, eti Mama amekaa kwangu kupita muda ambao mkataba unaruhusu wageni. Mgeni! Mama yangu mzazi! Nilimwambia jaji wa kwanza kwamba mama si mgeni. Akasema basi ni mpangaji ambaye hajaandikishwa. Nikawa nimejikaanga mwenyewe.

Leo wameandika: Reversed and remanded. Neno la kwanza nimelielewa, hukumu imepinduliwa. La pili, remanded, limenishinda. Nimempigia kaka yangu Mogaka huko Cedar Hill. Amenitaka nimsomee herufi kwa herufi. Kisha akasema — aki sister, hiyo ni rumande, watakuweka ndani.

Kwa kesi ya nyumba? Nimeshinda halafu nafungwa? Hii Texas sijaielewa hata kidogo.

Jumatano, 15 Oktoba

Wakili hapokei simu. Mogaka amemweleza Mama kila kitu — mdomo wake huo! Mama amenipikia uji tu. Naogopa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wakili amepiga! Amecheka mpaka nikakasirika. Si rumande. Maana yake kesi inarudishwa mahakama ya chini isikilizwe upya. Kwa hivyo tumeshinda? Ndiyo, anasema. Kwa hivyo Mama anakaa? Hilo bado, itategemea jaji. Jaji gani? Yule yule! Sasa huu ni ushindi wa aina gani?

Nimefika nyumbani. Mama ameketi karibu na mlango, kavaa nguo ya kanisa, sweta mbili na viatu. Begi mapajani.

"Waambie mgeni ni mimi," akasema. "Wanipeleke mimi rumande. Wewe uko na kazi."

Nimelia kama mtoto. Nikamweleza polepole — hakuna rumande, Mama, tumeshinda, ila kesi inaanza tena. Huenda ukakaa. Huenda tukahamishwa sote. Hata mimi sijui.

Ameinama, akashika kiatu kimoja.

"Sasa nivue viatu ama nisivue?"

Nimesema naenda choo. Nimejifungia humu naandika. Namsikia kule mlangoni, bado anatembea na viatu.